Kimshale Nisichokibonyeza

Jumatatu, 9 Juni

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote huandika shajara, na mimi, Mungu akipenda, Ijumaa saa tisa alasiri nitakuwa mkubwa. Mkubwa kidogo. Msimamizi wa Chumba cha Seva, Ofisi ya Ramani.

Hali ilivyo: tuko wawili kwenye majaribio ya miezi sita, na nafasi ni moja. Kuna mimi, na kuna dada mmoja ambaye ofisi nzima humwita Daftari kwa sababu kila anachogusa anakiandika kwenye daftari lake la jalada jekundu. Amewasha kompyuta, anaandika. Ameizima, anaandika. Juzi alipiga chafya, nikamwona anachukua kalamu. (Hakuandika. Lakini nilimwona.)

Mimi nami nina jina: Dakika Tano. Ukiniuliza kazi yoyote itachukua muda gani, hilo ndilo jibu langu. Miezi miwili ya kwanza nilidhani wananisifu.

Nikikosa nafasi, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananisubiri kwenye duka lake la rangi za nyumba. Ovaroli yangu ameshaitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta. Kifuani ameshonesha neno SHEMEJI. Kila nikipita naiona inapepea. Sitaki kufa nimevaa kitu kile.

Leo bahati imegonga mlango. Mpimaji Mkuu, mzee wa chumba cha jirani mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, alikuja kulalamika kwamba Tausi imejaa.

Tausi ni kompyuta ya ramani, ila haina mwili. Kwenye chumba cha baridi tuna mashine moja kubwa ya chuma, na ndani yake zinaishi kompyuta kumi na moja za kuwaziwa tu, kila moja ikijiona ina kwake. Msimamizi aliyetutangulia alizipa majina ya ndege. Tausi ni ya ramani, Njiwa ni ya barua pepe, Kunguru ni ya mlangoni, inasoma vidole vya wafanyakazi. Zilizobaki sizitaji, hazijanikosea.

Mkuu wetu ni mama mpole, na upole wake ndio unaotisha. Akatuuliza kupanua diski ya Tausi kutachukua muda gani. Daftari akasema siku mbili: apime kwanza nafasi iliyobaki kwenye mashine kubwa, achukue nakala, ndipo apanue. Mimi nikasema dakika tano. Mkuu akasema haya, jaribu.

Nikafungua skrini ya usimamizi, ile inayoorodhesha kompyuta zote na ukubwa wa diski zake. Tausi: gigabaiti 500. Nikaandika iongezewe 500, nikabonyeza.

Tausi: 500.

Nikabonyeza tena. 500. Nikabonyeza tena. Mara ya sita nilifumba macho. Mara ya nane nilitumia kidole gumba, nikifikiri pengine kasoro iko kwenye kidole. Mara nane kwa jumla, naandika hapa kwa uaminifu kwa sababu hakuna atakayesoma.

Tausi: 500.

Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, 500. Mkuu akapita akauliza vipi, nikamwambia tuko hatua za mwisho. Hatua za mwisho za nini, sikufafanua, naye hakudai.

Jioni nilimweleza mama mkwe. Anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki mwaka jana. Nilimweleza taratibu kama mtu anayemwelewesha mgeni, kwamba kuna kompyuta moja ndani yake kuna nyingine. Akasema ameelewa, ni nyumba moja yenye vyumba vya kupangisha. Nikasema naam, na mimi ndiye mwenye nyumba, nimeongeza chumba cha mpangaji lakini hakiongezeki. Akaacha kuchambua mchele. Akauliza: nimekwenda kukitazama chumba chenyewe, au nimetazama karatasi ya vyumba iliyobandikwa ukutani tangu asubuhi?

Nikacheka. Wazee bwana! Nikamwambia Mama, mambo haya ni ya kitaalamu. Akarudi kwenye mchele wake.


Jumanne, 10 Juni

Nimegundua. Ni Daftari. Amefunga kitu kwa siri ili mimi niadhirike. Ushahidi: leo asubuhi alinisalimia vizuri.

Saa mbili na nusu nikaandika barua kwa Mkuu, ukurasa na robo, kuhusu "mwenendo wa kufungia wenzake milango." Niliiandika kwa Kiswahili cha juu mpaka mwenyewe nikahisi uchungu. Nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka kwenye sinia la Mkuu.

Kisha nikaandika taarifa nyingine kwamba kazi ya Tausi imekamilika. Najua, haikuwa imekamilika. Lakini nilipiga hesabu hivi: nani atakwenda kuangalia? Watu wakiambiwa kuna nafasi, huridhika.

Mpimaji Mkuu hakuridhika. Alirudi baada ya nusu saa na kalamu zake. Akasema amejaribu kuweka ramani moja tu, tena ya kijito, Tausi imeitema. Mkuu akatoka ofisini kwake. Akasimama nyuma ya kiti changu. Daftari naye akasogea. Watu watatu nyuma ya shingo yangu, na mbele yangu skrini inasema 500 bila haya.

Daftari akainama. Akanyoosha kidole kwenye kona ya juu ya skrini, kwenye kimshale kidogo cha mviringo, kinachojizunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Akakibonyeza mara moja.

Tausi: 4,500.

Kumbe kila nilipobonyeza ilikubali. Mara zote nane! Ni skrini tu iliyokuwa inanionyesha habari za jana yake, na kimshale kile ndicho kinachoileta habari ya sasa hivi. Nimefanya kazi hapa miezi mitano na wiki tatu. Nilidhani ni pambo.

Mkuu akasema, elfu nne na mia tano, si haba. Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Nikasema nilikuwa nimeiacha iive. Naapa ndivyo nilivyosema. Iive! Mkuu akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kunisifu au kwa kunihurumia, akarudi ofisini kwake.

Mpimaji Mkuu akaenda kujaribu tena. Bado imejaa. Nikatoka jasho. Daftari akanieleza kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie, kwamba kupanua diski nje ni sawa na kununua kiwanja cha jirani. Bila kwenda ndani ya Tausi yenyewe kusogeza ukuta, aliyeko ndani haoni tofauti. Nikamwambia hilo nalijua, nilikuwa nakuja hapo. Alipokwenda kunawa mikono nikafungua daftari lake jekundu. Ukurasa wa thelathini na moja: "Kusogeza ukuta, hatua kwa hatua." Mwandiko mzuri kupita kiasi. Nikafuata. Dakika saba. Ukuta ukasogea.

Aliporudi nilikuwa nimelirudisha daftari mahali pake, ila nililirudisha juu chini. Aliligeuza likakaa sawa. Kisha akaniambia jambo moja, na naliandika kama alivyolisema, kwa sababu lilinikera:

"Ndugu yangu, hizo elfu nne ulizoongeza ni ahadi. Kwenye mashine kubwa zimebaki elfu moja na mia mbili tu. Waambie wapimaji wapakie kidogo kidogo."

Nikamwambia asante. Nikamwambia nitawaambia.


Jumatano, 11 Juni

Sikuwaambia.

Nijitetee. Nilikwenda kwa wapimaji asubuhi na mapema kwa nia safi kabisa. Nikakuta wamesimama wote. Mpimaji Mkuu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema miaka yote aliyokaa ofisi ile hajawahi kupewa nafasi bila kuomba mara tatu. Akawaambia vijana wake wa kupima, tena watu wazima wenye ndevu, kwamba huyu ndiye Injinia. Injinia! Hakuna aliyewahi kuniita Injinia, hata mama yangu mzazi.

Akaniuliza, je, wanaweza kupakia ramani zote, za miaka arobaini, zile walizozihifadhi kwenye diski za mkononi kwenye kabati? Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Ukasema, leteni zote. Ukaongeza, na za miaka arobaini ijayo.

Wakaanza kupakia kwa kompyuta tatu kwa mpigo.

Nikarudi mezani roho ikiwa juu juu. Nikajiambia si tatizo. Nilichoongeza nitakipunguza, Tausi irudi kwenye saizi ya heshima, wapimaji wataona imejaa na wataacha wenyewe. Nikaanza kutafuta kitufe cha kupunguza. Nilikitafuta tangu saa nne hadi saa nane. Kuna kitufe cha kuongeza. Kuna cha kunakili, cha kuzima, cha kuhamisha. Cha kupunguza hakuna. Nikapitia maelezo ya mashine, yanasema kwa herufi nzito kwamba diski ikishapanuliwa haipunguzwi. Sawa na tumbo langu basi. Mke wangu aliposikia alisema angalau la diski limeandikiwa onyo.

Sasa lazima niandike jambo ambalo sijaliandika popote.

Nilisema mashine kubwa ina kompyuta kumi na moja. Zimo kumi na mbili. Ya kumi na mbili niliitengeneza mimi mwezi wa kwanza wa kazi, nikaiita "Majaribio Muhimu" ili mtu asiiguse. Haina majaribio. Ina harusi ya mdogo wake mke wangu: kamera saba, siku nzima, haijakatwa, gigabaiti 600. Wapiga picha walituletea kwenye diski ambayo ilianza kugonga kama mtu anayeomba kufunguliwa, na mama mkwe alikuwa analia. Kwa sababu kwenye harusi ile baba mkwe alisimama akazungumza, na baada ya wiki mbili akatutoka. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Nikamwambia mama mkwe, Mama, hii nitaihifadhi mahali ambapo haitapotea kamwe. Nilihifadhi kwenye mali ya serikali. Huyo ndiye mimi.

Kabla ya kutoka nilitazama skrini. Kila kitu kijani, nafasi iliyobaki 1,200. Nikashukuru. Huenda ramani za miaka arobaini ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa.


Alhamisi, 12 Juni

Nimefika saa mbili kasoro robo. Nje ya mlango umati. Wafanyakazi wote wa Ofisi ya Ramani wamesimama barazani na vidole vyao, Kunguru haisomi kidole cha mtu. Bawabu akatufungulia kwa ufunguo wa zamani, akilaumu.

Ndani, barua pepe haziendi. Ramani hazifunguki. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua ramani ya shamba lake aliambiwa asubiri, akaketi, akatoa gazeti. Mkuu akaja kwangu moja kwa moja, maana tangu Jumanne mimi ndiye mtaalamu wa kuivisha. Akauliza kuna nini. Nikatazama skrini yangu. Kumi na mbili, zote kijani. Nafasi 1,200. Nikamwambia kwa moyo mkunjufu kwamba kwa upande wetu mambo ni shwari, tatizo litakuwa umeme, au watu.

Mkuu akasema, polepole, "Bonyeza kile kimshale."

Nikakibonyeza. Zote zikawa nyekundu. Nafasi iliyobaki: sifuri. Zimesimama tangu alfajiri, baada ya ramani za wapimaji kumeza kila kilichokuwepo na kuendelea kudai nilichowaahidi. Kumbe tangu jana asubuhi nilikuwa najifariji kwa habari za kale. Karatasi ya ukutani, kama alivyosema mama mkwe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Daftari akaja na daftari lake. Hakunicheka, na ningefurahi kama angenicheka. Akasema diski mpya kutoka bohari zitafika baada ya wiki. Ili zile kompyuta ziamke leo, ni lazima kitu kifutwe, na Tausi haiwezi kuguswa, ramani nyingine ni za pekee. Akatembeza kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama kwenye "Majaribio Muhimu."

Mkuu akaniuliza, hii ni ya nini, inafutika? Kuifuta itachukua muda gani?

Nikasema dakika tano. Kwa mazoea tu.

Wakaniacha nifute. Nikaweka mshale kwenye kitufe cha kufuta. Hapa nasema kweli: miezi sita nimebonyeza kila kitu nilichokiona bila kuuliza, na leo kidole kiligoma. Ovaroli niliiona, ile ya SHEMEJI, ikipepea. Nilimwona na mama mkwe na mchele wake. Hajawahi kuniuliza ile harusi iko wapi, maana nilimwambia haitapotea na yeye aliniamini. Mtu mmoja tu duniani ananiamini nikimwahidi kitu, na ni huyo.

Machozi yalinilenga. Chumba cha seva kina baridi, nitasema ni baridi.

Nikaenda kwa Mkuu. Nikamwambia yote, nimesimama. Kwamba Majaribio Muhimu ni harusi. Kwamba niliambiwa niwaonye wapimaji na sikuwaonya. Kwamba nilibonyeza mara nane. Kwamba barua ile ya Jumanne ni uzushi mtupu. Nikamwomba muda wa kuinakili harusi kwenye diski za mkononi kabla ya kufuta, hata kama ofisi itasimama mpaka alasiri, na hata kama mimi sitaiona Jumatatu hapa kazini.

Mkuu akamwita Daftari, akamuuliza kunakili gigabaiti 600 kutachukua muda gani.

Daftari akafungua ukurasa. Akasoma, sauti ileile anayosomea orodha ya vifaa: "Majaribio Muhimu. Ni harusi ya watu. Imegunduliwa tarehe mbili Aprili. Nakala kila Ijumaa, diski namba tisa, droo ya chini."

Ameinakili kila Ijumaa. Wiki kumi! Alijua, hakunisema kwa mtu, na mimi nikamwandikia ukurasa na robo.

Nikaifuta. Tulitazama saa wote watatu. Dakika tano kamili, kisha zikaanza kuamka moja moja, Njiwa kwanza, Kunguru mwisho. Yule mzee akapata ramani ya shamba lake, akakunja gazeti, akasema huduma zimeboreka sana siku hizi.


Ijumaa, 13 Juni

Saa tisa Mkuu alituita. Nilivaa shati jeupe, kwa sababu hata maiti huvishwa.

Nafasi amepewa Daftari. Nilipiga makofi, na nilishangaa kugundua kwamba sikuwa naigiza.

Kuhusu mimi, Mkuu alisema alikuwa ameshaandika barua ya kuniaga kwa heri. Lakini aliyekuja kukiri bila kushikwa hatokei kila wiki. Pia alimuuliza Daftari kama ananihitaji, na Daftari akamjibu kwamba ninafaa, maana kila kinachoweza kuharibika kwenye chumba kile nimeshakiharibu, kwa hiyo najua kilipo. Basi nimeongezewa majaribio ya miezi mitatu, chini ya Daftari. Barua yangu ya Jumanne Mkuu alinirudishia, amesahihisha makosa ya herufi.

Sharti moja. Nithibitishe mwenyewe kwenye ukurasa wa watumishi, kabla ya saa sita mchana kesho. Kuna vitufe viwili, Nakubali na Nakataa. Jibu la mwisho kupokelewa ndilo litakalohesabiwa, na ukurasa ukifungwa umefungwa. Daftari akaniuliza kama ningependa tulifanye pale pale, tumalize. Nikamwambia asijisumbue, nitalifanya nyumbani kwa utulivu, ni dakika tano. Akaandika kitu kwenye daftari. Sikuuliza nini.

Wakati wa kutoka nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nikaisahau yote, nikabaki nasema samahani dada, samahani sana. Akasema yameisha. Akanipa diski namba tisa mkononi, na kunisainisha.


Jumamosi, 14 Juni

Siku njema sana. Naandika saa sita na nusu mchana.

Asubuhi tuliiunganisha diski kwenye runinga. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, kanga amejitanda kama anayekwenda ugenini. Baba mkwe akatokea, akasimama, akakohoa kile kikohozi chake, akaanza kuwashukuru wageni. Kisha akaninyooshea kidole mimi nilipokaa kule nyuma na sahani, akasema: "Na huyu mkwe wangu, akikwambia dakika tano, wewe tafuta kiti."

Ukumbi mzima ulicheka. Sebule nzima ikacheka. Mama mkwe alicheka mpaka akalia, akaomba irudishwe, tukairudisha mara nne. Akanishika kichwa kwa mkono wake, akasema nilimwambia haitapotea na kweli haikupotea. Nilikwenda jikoni nikasimama kidogo.

Saa tano na nusu nikakumbuka ukurasa wa watumishi. Nikafungua kompyuta ya mke wangu. Juu pameandikwa: "Tunasubiri jibu lako." Chini vitufe viwili. Nikabonyeza Nakubali.

"Tunasubiri jibu lako."

Nikabonyeza tena. Tena. Mara saba. Haiendi. Nikakumbuka mtaalamu huwa habishani na kifaa, anakichunguza. Nikawaza: je, ni ukurasa wote uliokufa, au ni kitufe kimoja? Kuna njia moja tu ya kujua. Nikabonyeza Nakataa, mara moja, kupima tu.

"Tunasubiri jibu lako."

Basi ukurasa wote umekufa, wala si kosa langu. Nilitaka kurudia Nakubali, lakini mama mkwe akaita kwamba baba anaanza tena ile ya dakika tano, nikakimbia. Niliporudi ilikuwa saa sita na dakika tano.

Mke wangu alipita na kikapu cha nguo. Akauliza nimethibitisha? Nikamweleza. Akainama, akatazama kona ya juu, akaniuliza kwa nini sibonyezi kile kimshale cha mviringo.

Nikamwambia kile ni cha skrini ya usimamizi, kazini, kwenye mashine kubwa. Huu ni ukurasa wa kawaida tu. Akanyoosha kidole, nikamshika mkono. Nikamwambia kwa upendo aniachie, mambo haya ni ya kitaalamu.

Akaenda kuanika nguo. Dirishani namsikia anazungumza na kaka yake kwa simu. Anamtajia kipimo changu cha kiuno.

Sijui cha nini. Mimi hapa nina ushahidi mbele ya macho yangu: imeandikwa tunasubiri jibu lako, kwa hiyo wananisubiri. Nimekaa kitako, sigusi kitu.